Sadaka Hii ni ya Nani?

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Mambo ya Nyakati 29:1-14, 2 Samweli 24:18-25, Yohana 6:5-13



Jumapili hii idara ya familia itaanza kutoa kadi za mchango kwa ajili ya matembezi ya hisani ya mzazi na mtoto. Nimeombwa niandike maneno ya kuwatia moyo. Nitafanya hivyo, lakini kwanza nina ungamo. Si jambo ambalo mchungaji msaidizi hupenda kuandika mahali ambapo kila mtu atasoma, ila ni heri mlisikie kutoka kwangu kabla hamjachukua kadi zenu.

Mwaka jana mimi na binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, tulitembea pamoja nanyi kutoka Lanet hadi mjini Nakuru. Lengo mnalikumbuka: kununua viti vya magurudumu kwa watoto wa kitengo maalum katika shule moja ya msingi hapa jirani. Kila mzazi na mtoto wake walipewa kadi moja yenye nafasi ishirini za majina, na juu ya kadi pakaandikwa jina la mtoto, sio la mzazi.

Binti yangu aliipokea ile kadi kama mtu aliyepewa kazi serikalini. Jioni hiyo hiyo alichukua kalamu akatoka. Mama mboga wa pale kona akampa shilingi 50. Soja wa geti akampa shilingi 20, na najua ilikuwa ya chai yake. Nyanya yake akatuma shilingi 100 kwa simu, baada ya kuelezwa kwa nusu saa kitengo maalum ni nini na kwa nini kiti kina magurudumu manne. Kufikia Jumatano alikuwa na majina matatu na shilingi 170.

Sasa, mimi nilisomea biashara. Nikiona lengo na tarehe ya mwisho, kichwa kinaanza kupiga hesabu chenyewe. Shilingi 170 kwa siku tatu, na imebaki wiki moja na nusu. Haitoshi hata kununua tairi moja. Usiku huo, watoto wakiwa wamelala, nikapiga kadi picha nikaituma kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp: tuliosoma nao chuo, tuliofanya nao kazi zamani, na jamaa wa ukoo. Chini yake nikaandika ujumbe kana kwamba ni yeye anaandika: hamjambo anko na anti, naomba mnisaidie kununua kiti. Kwa muda wa saa moja simu haikunyamaza. M-PESA ilikuwa inaingia kama mvua ya Aprili. Watu 16 wakatoa shilingi 12,500. Nafasi moja ikabaki, nikaijaza mwenyewe kwa shilingi 2,000 na kuandika "rafiki wa familia". Jumla ikawa 14,670. Nikalala vizuri.

Siku ya matembezi jua lilikuwa kali. Tulipofika Free Area miguu yake ilichoka, nikambeba mgongoni hadi karibu na Section 58, na ndugu mmoja akatupiga picha nzuri sana. Mwisho kadi zikasomwa, na yetu ikawa ya kwanza kanisa zima. Akaitwa mbele. Mkampigia makofi. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwenye matatu, tukirudi nyumbani, akaniambia, "Baba, yangu ilikuwa mia moja na sabini."

Nikamwambia, "Si ni sawa tu? Zote zinaenda kwa viti."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mimi nilifanya nini?"

Wapendwa, nimehubiri juu ya utoaji mara nyingi. Swali hilo sikuwa na jibu lake. Haya ninayoandika leo ni kujaribu kulijibu, ingawa nimechelewa.

Jumla sahihi, vitabu vya uongo

Wacha kwanza niseme upande wangu, maana una uzito. Mtoto anayengoja kiti haulizi pesa ilitoka wapi. Kwake shilingi 14,670 ni bora kuliko 170, na hapo hakuna ubishi. Baba anayeacha hitaji la mtu mwingine lisubiri ili binti yake apate somo zuri la maisha, huyo naye ana kosa lake. Hisani si darasa la watoto wetu. Ni kwa ajili ya yule mwenye shida.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kuchangisha. Ningeweza kuchukua karatasi nyingine, nikaandika jina langu juu yake, nikawaomba rafiki zangu kwa sauti yangu. Viti vingepata pesa ile ile, bila shilingi kupungua. Kosa lilikuwa kuandika kazi yangu kwa jina la mtoto wangu, na kuweka maneno yangu kinywani mwake.

Walio kwenye biashara wananielewa. Ukiwa na maduka mawili, ukachukua mauzo ya duka moja ukayaandika kwenye daftari la duka lingine, jumla ya mwisho itakuwa sahihi kabisa. Benki haitaona tofauti. Lakini vitabu vyako ni vya uongo, na siku utakapotaka kujua ni duka gani linafanya kazi, hutajua. Mimi nilipata jumla sahihi. Binti yangu ndiye aliyefungua vitabu akaona hesabu haisemi kweli.

Lakini mtoto ana nini?

Hapa mtu atasema: mchungaji, tusijidanganye, mtoto hana kitu. Kila Jumapili pale mlangoni tunaona wazazi wakiwapa watoto shilingi 20 ya kupeleka shule ya Jumapili. Hiyo ni sadaka ya nani? Si ni ya mzazi, imepitia tu mkono mdogo?

Swali hilo ni la maana, na nimelipata likijibiwa mahali ambapo sikutarajia. Soma 1 Mambo ya Nyakati 29. Pale kuna baba na mwana katika mchango mkubwa wa ujenzi. Daudi anasema waziwazi kwamba Sulemani bado ni kijana mdogo na kazi ni kubwa. Halafu anatangaza kile ambacho yeye mwenyewe ametoa kutoka hazina yake: talanta 3,000 za dhahabu na talanta 7,000 za fedha. Angalia hapo. Nyumba itajengwa na Sulemani, lakini Daudi hakuandika dhahabu yake kwa jina la Sulemani. Alisimama mbele ya mkutano akasema hii ni yangu, nimetoa mimi, kisha akauliza nani mwingine yuko tayari.

Tena watu walipotoa kwa furaha, Daudi aliomba maombi ambayo kila mzazi anafaa kuyajua. Katika mstari wa 14 anakiri kwamba walichomtolea Mungu kilitoka kwa mkono wa Mungu mwenyewe. Yaani mfalme mwenye talanta 3,000 anasimama mbele za Mungu vile mtoto anavyosimama mbele yetu pale mlangoni na shilingi 20 ya babake. Kama pesa kutoka kwa baba inaifanya sadaka isiwe ya mtoto, basi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoa kitu.

Kwa hiyo chanzo cha pesa si hoja. Ni nini basi kinachoifanya sadaka iwe yangu na sio ya mwingine?

Daudi huyo huyo anatusaidia tena. Katika 2 Samweli 24 anataka uwanja wa kupuria wa Arauna ili ajenge madhabahu. Arauna ni mtu mkarimu, anasema chukua bure, na ng'ombe juu. Daudi anakataa. Hataki kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu, na analipa shekeli 50 za fedha. Sadaka inakuwa ya yule aliyelipa gharama yake. Na gharama si pesa tu. Binti yangu alilipa aibu ya kusimama mbele ya mama mboga bila kujua aanze vipi. Alilipa nusu saa ya kumwelezea nyanya yake. Alilipa jioni tatu ambazo wenzake walikuwa wanacheza kati. Hiyo ndiyo iliyokuwa yake. Mimi nilikuja kama Arauna, kwa moyo mzuri, nikampa uwanja wa bure. Tena Arauna ana afadhali, kwa sababu yeye aliuliza kwanza.

Na kama unaona 170 ni kidogo sana, kumbuka Yohana 6. Filipo alipiga hesabu kama mimi: mikate ya dinari 200 haiwatoshi watu hawa. Hesabu yake haikuwa na kosa. Lakini Bwana, ambaye angeweza kuanza bila chochote, alianza na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa mtoto. Na hakuna mtu aliyeongeza mikate kimyakimya kwenye kile kikapu ili kionekane kizuri.

Baba mmoja na mwanawe

Sisi Wakenya tunaijua Boston Marathon kwa ushindi. Ibrahim Hussein aliishinda mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na baada yake tumezoea kuona bendera yetu pale mwisho. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini, nyuma kabisa ya hao mabingwa, kulikuwa na watu wawili wa Massachusetts ambao watu wa Boston waliwasubiri barabarani wawashangilie.

Rick Hoyt alizaliwa mwaka 1962, kitovu kikiwa kimemzunguka shingo, ubongo wake ukakosa hewa. Akawa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kutembea wala kuongea. Wazazi wake, Dick na Judy, walishauriwa wampeleke kwenye taasisi na waendelee na maisha yao. Wakakataa. Waliona macho yake yakiwafuata chumbani, wakajua ndani kuna mtu. Mwaka 1972 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea kompyuta, akawa anachagua herufi moja moja kwa kusogeza kichwa. Kumbe muda wote huo alikuwa anafuatilia mpira wa magongo wa kwenye barafu: maneno yake ya kwanza yalikuwa ya kuishangilia timu yake.

Mwaka 1977 Rick alisikia juu ya kijana wa chuo cha Westfield, mchezaji wa lacrosse, aliyepooza baada ya ajali. Yalikuwa yamepangwa mashindano ya mbio za maili 5, karibu kilomita 8, ili kumchangia. Rick akamwambia babake anataka kushiriki. Dick alikuwa na miaka 36 na hakuwa mkimbiaji. Akakubali, akamsukuma mwanawe kwenye kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Walikuwa wa pili kutoka mkiani. Usiku ule Rick akaandika kwenye kompyuta yake kwamba walipokuwa wanakimbia alihisi kama si mlemavu.

Kutoka hapo hawakuacha. Walimaliza zaidi ya mashindano 1,000, zikiwemo Boston Marathon 32, ya mwisho mwaka 2014. Mwaka 1993 Rick alihitimu katika Chuo Kikuu cha Boston. Dick alifariki mwaka 2021, na Rick akamfuata mwaka 2023.

Wahubiri wengi wanapenda kusimulia habari hii kama mfano wa upendo wa baba, na ni kweli. Lakini baada ya swali la binti yangu nimeisoma upya, na nimeona kitu nilichokuwa nikiruka. Wazo halikuwa la Dick. Aliyesikia habari ya kijana aliyepooza akaguswa ni Rick. Aliyesema twende ni Rick. Yule ambaye sisi wote tungemweka upande wa kupokea ndiye aliyekuwa mchangishaji. Dick alitoa miguu, na miguu yake ilikuwa ya ajabu. Lakini moyo wa siku ile ulikuwa wa mtoto, na baba hakuuchukua.

Halafu kuna hili. Miaka mingi baadaye Dick alipatwa na mshtuko mdogo wa moyo, na daktari akamwambia kwamba kama si zile mbio, huenda angekuwa amekufa zamani. Basi niambie, kati ya wale wawili, nani alikuwa anambeba mwenzake? Na Rick alipoulizwa ni kitu gani angetamani kumpa babake, alijibu kwamba angependa baba akae kwenye kiti, yeye amsukume hata mara moja.

Nimelifikiria jibu hilo sana. Mtu aliyesukumwa kilomita zote zile bado alitamani kusukuma. Mtu hashibi kwa kupokea tu. Mungu alituumba kwa mfano wake, na yeye ni mtoaji. Ukimnyima mtu nafasi ya kutoa, hata kwa wema, umemnyima kitu cha utu wake.

Hawakuwa barabarani

Sasa nirudi kwetu. Mwaka jana tulitembea kwa ajili ya watoto wa kitengo maalum. Nimejaribu kukumbuka ni wangapi kati yao tulikuwa nao barabarani. Hata mmoja. Hakuna aliyewaalika. Hakuna aliyewapa kadi. Tuliwaona siku ya kukabidhi viti: tukawapanga mstari, tukapiga picha, tukaomba, tukaenda kunywa chai.

Sisemi tulifanya vibaya kununua viti. Asifiwe Mungu kwa kila kiti. Lakini tulikuwa tumeamua mapema, bila kuuliza mtu, nani ni mtoaji na nani ni mpokeaji. Mimi nilifanya hivyo nyumbani kwangu na binti yangu, kanisa likafanya hivyo na watoto wale. Ni kosa moja. Mzazi anamfanya mtoto kuwa pambo la kadi, na sisi tunamfanya mwenye ulemavu kuwa pambo la picha. Wote wawili wana kitu cha kutoa, na hatujakaa chini tusikie ni nini.

Kwa hivyo nimezungumza na Mchungaji Kiongozi na viongozi wa idara, na mwaka huu mtaona mabadiliko machache.

Kwanza, kutakuwa na kadi mbili: moja ya mtoto, moja ya mzazi. Ukiwa na rafiki wa ofisini mwenye uwezo, mweke kwenye kadi yako. Usione haya, tunazihitaji hizo pesa. Ila kadi ya mtoto ibaki na watu ambao mtoto amewaendea mwenyewe. Msindikize hadi kwa jirani kwa usalama wake, lakini akifika mlangoni mwache aseme yeye. Akikwama, subiri. Hicho kimya cha kukwama ndicho shekeli zake 50.

Pili, hatutasoma kadi mbele ya kanisa. Bwana wetu alionya katika Mathayo 6 juu ya sadaka inayopigiwa tarumbeta, na mimi ndiye niliyempa mtoto wangu tarumbeta ambayo hakuomba. Jumla ya pesa zote itatangazwa, kwa sababu kanisa lina haki ya kujua hesabu. Majina hayatatangazwa.

Tatu, familia za kitengo maalum zimealikwa kutembea nasi, na watoto wao watapewa kadi kama wengine. Mchango wa mwaka huu ni wa kulipa bili ya hospitali ya kijana mmoja wa boda boda aliyeumia, wa mtaa wetu. Mama mmoja wa kitengo maalum, aliposikia, aliniuliza mara mbili kama ni kweli mwanawe naye anaweza kumchangia mtu. Nikamwambia ndiyo. Hakunijibu chochote, lakini kadi ameichukua.

Nilivyomalizana na binti yangu

Mtauliza nilimjibu nini. Jioni ile sikumjibu. Siku ya pili nilimwomba msamaha, na si rahisi baba kumwomba msamaha mtoto wa miaka tisa. Nikaandika pia kwenye vile vikundi vitatu kwamba ule ujumbe nilikuwa nimeuandika mimi. Wengine walicheka, mmoja akauliza kama nataka kumrudishia pesa yake.

Binti yangu alisikiliza, kisha akasema kuna kitu kimebaki. Viti vilipofika, alirudi kwa watu wake watatu, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba kiti kimenunuliwa na ni cha rangi ya bluu. Mimi sikuwa nimefikiria kurudi kwa wale watu wangu 16. Yeye alikuwa na wafadhili watatu tu na aliwapelekea ripoti wote. Soja alimwuliza huyo mtoto anaitwa nani, akaenda kuuliza, akarudi na jina.

Hilo ndilo jibu la swali lake, na amelipata bila mimi. Alifanya nini? Aliwafanya watu watatu wamjali mtoto ambaye hawakumjua. Na kama mambo ya Mungu yanahesabiwa vile ninavyosoma katika Maandiko, sina hakika kadi yangu yenye majina 16 ilifikia hapo.

Mwaka huu ameniambia tutatembea tena pamoja, kwa sharti moja.

"Baba, wewe utabeba maji."

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Kumbuka siku moja ulimfanyia mtoto wako kitu ambacho angeweza kufanya mwenyewe. Ulikuwa unamsaidia yeye, au unajisaidia wewe?

2. Katika familia yenu au mtaa wenu, ni nani ambaye mmezoea kumwona kama wa kupokea tu? Mnaweza kumwomba atoe nini?

3. Je, kuna wakati ambapo ni halali hitaji la mwenye shida litangulie, na somo la mtoto lisubiri? Mtajuaje wakati huo?

Ombi

Baba, vyote tulivyo navyo vimetoka mkononi mwako, na bado unapokea sadaka zetu kama zetu. Utufundishe kuwaheshimu watoto wetu vile unavyotuheshimu sisi. Katika jina la Yesu, amina.